Sauti za Jilore Zihifadhiwe, Lakini Ufunguo Ushikwe na Nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu wa wahenga aghalabu huambiwa wafanyabiashara, ili wasiache kuandika madeni na faida zao. Mimi nauona una maana pana zaidi. Jamii nayo ina mali isiyoshikika kwa mkono: masimulizi ya wazee, picha za zamani, na matokeo ya utafiti wa wasomi waliopita vijijini na kalamu zao. Mali hiyo isipoandikwa hupotea. Lakini lipo jambo la pili ambalo msemo huo haukulitaja, nalo ndilo ninalotaka tulijadili leo. Daftari likiisha kuandikwa kisha likafungiwa katika nyumba ya mtu mwingine, mwenye mali atakuwa amehifadhiwa nini?

Hamu ya siku hizi ya kuhifadhi kumbukumbu kwa njia ya kidijitali ni ya kupongezwa. Vyuo vikuu, majumba ya makumbusho na maktaba, hapa nchini na ng'ambo, vinanasa sauti za wazee, vinapiga picha nyaraka zilizochakaa na kuziingiza katika kompyuta ili zisomwe popote duniani. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayeipinga kazi hiyo. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kunasa na kuhifadhi. Nusu ya pili ni kurudisha: kuhakikisha kwamba aliyetoa habari, watoto wake na kijiji chake wanajua habari hizo zi wapi, wanazifikia kwa lugha wanayoielewa, na wana kauli juu ya nani mwingine azitumie. Kwa zaidi ya miaka mia moja pwani yetu imeona nusu ya kwanza mara nyingi, na nusu ya pili kwa nadra.

Nichukue Jilore, katika Kaunti ya Kilifi, kuwa mfano. Mahali hapa pako bara ya mji wa Malindi, kusini mwa mto Sabaki, jirani na ziwa liitwalo kwa jina lilo hilo na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mgeni apitaye ataona mashamba ya mahindi na mihogo, mbuzi na vumbi la barabara, asidhani kwamba pana historia yoyote ya kutajwa. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa bara hii ya Malindi ilikuwa kimbilio la watoro, yaani watumwa walioyahama mashamba ya mabwana zao wa pwani wakaenda kujenga vijiji vyao wenyewe, kama vile Makongeni na Fuladoyo. Wamishenari wa Kianglikana wa CMS nao wakaweka kituo Jilore. Kisha ikaja serikali ya kikoloni na kodi yake.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtoto wa Kigiriama. Mwaka 1913, wakati Mwingereza Arthur Champion alipotumwa kukusanya kodi na kuandikisha vijana kwa kazi za mashamba, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa umri mkubwa asiyekuwa na cheo chochote cha serikali, aliwakusanya watu kwa ngoma na kuwalisha kiapo huko Kaya Fungo wasitoe kodi wala vijana wao. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa mnamo Oktoba mwaka huo, wakapelekwa Kisii, wakatoroka Januari 1914, wakarudi kwao. Mnamo Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vilipokwisha Wagiriama walitozwa faini na kutakiwa kutoa wapagazi, na waliokuwa wakiishi kaskazini mwa Sabaki wakafukuzwa kutoka mashamba yao yenye rutuba, nyumba zao zikachomwa moto.

Vitabu vimeandika habari za viongozi wa vita hivyo na za maofisa waliopambana nao. Havikuandika ni mlango gani uliovuka mto kwa kivuko gani, nani aliyempokea mkimbizi na kumpa kipande cha kulima, ni nyumba zipi za Jilore na jirani zake zilizotokana na watoro na zipi na wenyeji wa kaya, wala makaburi ya zamani ni ya nani. Mambo hayo yamekaa katika vichwa vya wazee. Hakuna mtu aliye hai leo aliyeviona vita vile kwa macho yake. Waliobaki ni wale waliosimuliwa na walioviona, na hao nao sasa ni wakongwe. Baada yao tutakuwa na masimulizi ya mkono wa tatu na wa nne tu.

Hapa Kilifi pana msiba mwingine unaoizidishia kazi hii uharaka, nao hatuna budi kuusema waziwazi. Wazee wetu hawafi kwa uzee peke yake. Kwa miaka mingi sasa wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi na jamaa zao wenyewe, na nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi pana ugomvi wa urithi wa ardhi. Kuna wazee waliolazimika kuyahama maboma yao na kukimbilia kituo cha uokoaji cha Kaya Godoma, huko Ganze. Wengine hupaka nywele zao rangi ili mvi zisionekane. Mvi zilikuwa dalili ya mtu wa kuulizwa shauri. Leo zimekuwa sababu ya kuhofia maisha. Anayeuawa ni mtu kwanza, mwenye haki ya kuishi, kabla hajawa ghala la historia. Lakini ni kweli pia kwamba mzee ajuaye mipaka ya mashamba ndiye anayemsumbua zaidi yule anayetaka kuisogeza mipaka hiyo. Ushahidi wake ukiwa umenaswa, ukashuhudiwa na kuwekwa mahali pa salama, kumnyamazisha hakuna faida tena.

Neno hili la ardhi ndilo kiini cha mambo. Kuna wasomaji watakaodhani kwamba kuhifadhi masimulizi ni burudani ya watu wa makumbusho na watalii. Na wakumbuke Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Sheria ile ilimtaka kila mtu mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze na kuthibitisha dai lake mbele ya msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali ya Uingereza. Waliokuwa na karatasi, na waliojua njia za ofisi, walipata hati. Wamijikenda walio wengi, ambao haki yao ilikuwa katika mazishi ya wazee wao, katika minazi waliyoipanda na katika neno la kambi, hawakupata kitu. Hapo ndipo lilipoota mizizi tatizo la maskwota, ambalo serikali moja baada ya nyingine imeahidi kulimaliza na bado lipo. Watu walikuwa na ushahidi, bali ushahidi wao haukuwa katika umbo ambalo ofisi ililitambua.

Sasa tuulize: kumbukumbu zilizoandikwa kuhusu nchi hii ziko wapi? Barua na taarifa za wamishenari wa CMS ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ripoti za wilaya za enzi ya ukoloni zipo katika Makavazi ya Kitaifa mjini Nairobi, zaidi ya kilomita mia tano kutoka Jilore. Katika miaka ya sitini sehemu kubwa ya ripoti hizo ilipigwa picha kwa mikrofilamu, na nakala zikauzwa kwa Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York. Kuna majalada mengine ambayo wakoloni waliyafungasha wakaondoka nayo wakati wa Uhuru. Kuwepo kwake hakukukubaliwa hadharani mpaka mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London.

Wala tusidhani kwamba hali hiyo ilikoma pamoja na ukoloni. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka nchi nzima ikipokea malalamiko, yakiwemo ya ardhi ya Pwani, na ikakabidhi ripoti yake mnamo Mei 2013. Mwananchi anayeitafuta ripoti hiyo katika intaneti leo huipata katika tovuti ya Chuo Kikuu cha Seattle, nchini Marekani, ambako mmoja wa makamishna wa tume alikuwa profesa. Twakishukuru chuo hicho kwa ukarimu wake. Lakini ni aibu kwetu kwamba ushahidi walioutoa Wakenya kwa machozi uwe unatunzwa vyema zaidi na watu wasiohusika nao.

Lipo jambo jingine. Aliyeandika ndiye anayesikika. Champion, yule yule ofisa aliyekabiliana na Mekatilili, alikuwa pia mtu wa kuandika mambo aliyoyaona. Maandishi yake juu ya mila za Wagiriama yalichapishwa mjini London mwaka 1967, na hadi leo mtafiti yeyote wa Wagiriama huanza nayo. Mekatilili hakuacha hata mstari mmoja wa mkono wake. Maneno yake tunayajua kupitia mafaili ya waliomkamata na kupitia masimulizi ya watu wake. Masimulizi yakifa, yatabaki mafaili. Hapo mjukuu wa Mekatilili atalazimika kumjua bibi yake kwa maneno ya adui yake.

Kwa bahati njema, baada ya Uhuru walikuja wasomi waliotambua thamani ya masimulizi. Thomas Spear aliwahoji wazee wa Kimijikenda katika miaka ya sabini, akaandika juu ya asili ya kaya. Cynthia Brantley alikusanya ushahidi wa wazee wa Kigiriama, na kitabu chake cha 1981 ndicho kinachotegemewa hadi sasa kuhusu vita vya 1914. David Parkin naye alikaa na Wagiriama kwa miaka mingi. Kazi za watu hawa ni za heshima, na bila wao tungekuwa maskini zaidi. Hata hivyo vitabu vyao vimeandikwa kwa Kiingereza cha chuo kikuu, huuzwa kwa bei isiyomudiwa na mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kawaida mzee aliyehojiwa hubaki kuwa jina katika orodha mwishoni mwa kitabu.

Mimi mwenyewe naijua habari hii kwa karibu. Babu yangu mzaa mama alihojiwa na mtafiti mmoja, siku nyingi zilizopita, kwa muda wa alasiri tatu. Kanda zilijaa, chai ikanywewa, ahadi ya kuleta nakala ikatolewa. Babu alikufa akiisubiri. Miaka baadaye nilikiandikia chuo alikotoka mtafiti yule. Nikajibiwa kwa adabu kwamba kanda zipo, bali sharti mtu afike mwenyewe na awe na barua ya kumtambulisha kuwa ni msomi. Mjukuu wa msemaji hakuwamo katika orodha ya wanaoruhusiwa. Sikuona ubaya wowote katika moyo wa mtu yeyote katika jambo hilo. Nilichokiona ni utaratibu ambao haukuwahi kumfikiria msemaji kuwa ni mmoja wa wasomaji.

Ili msomaji asidhani kwamba ninalaumu tu, nitatoa mfano wa jinsi utafiti na picha vinavyoweza kumrudishia mtu haki yake. Kila Mgiriama anavijua vigango, zile nguzo za miti zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa chama cha gohu. Kigango si pambo. Ni mahali pa roho ya mzee, nacho hakihamishwi. Lakini kuanzia miaka ya sabini wafanyabiashara wa sanaa waliviona vina soko, vijana wakashawishiwa kwa fedha kidogo kuving'oa usiku, na vigango kwa mamia vikavuka bahari na kuingia katika majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri huko Marekani.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Udvardy alikuja kukitambua kimojawapo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, na cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Yeye, Linda Giles na John Mitsanze waliandika habari hizo mwaka 2003 katika jarida la wanaanthropolojia wa Marekani. Mwaka 2007 kigango kilirudishwa kwa jamaa ile kwa sherehe, ingawa mzee mwenyewe alikuwa amekwisha fariki.

Tuyatazame kwa makini yaliyosaidia hapo. Picha peke yake isingetosha. Ilisaidia kwa kuwa ilikuwa na jina la mtu, jina la mahali na mwaka, na kwa kuwa aliyeipiga aliendelea kuwasiliana na wenyeji. Linganisha na vigango vingine. Makumbusho ya Denver ilikubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Makumbusho ya Jimbo la Illinois ilirudisha vingine 37 mwaka 2023. Tulifurahi, na ilistahili kufurahi. Lakini vigango hivyo viling'olewa bila mtu kuandika vilitoka boma gani, na kwa hiyo vimerudi Kenya bila kurudi nyumbani. Roho za wazee zimefika nchini mwao, zikakosa anwani. Hili na liwe fundisho kwa kila anayetaka kuanzisha hifadhi ya kidijitali: sauti isiyo na jina la msemaji, kijiji na tarehe ni kama kigango kilicholazwa ghalani.

Mbinu za siku hizi zimerahisisha sana nusu ile ya pili ya kazi. Zamani kurudisha kanda kulihitaji kunakili kanda, kununua mashine ya kuichezea na kuisafirisha. Leo saa moja ya sauti nzuri isiyobanwa huchukua takriban gigabaiti moja, na diski inayoenea mfukoni huchukua saa elfu moja kwa bei isiyozidi ya mbuzi wawili. Aliyekuwa na sababu ya kutorudisha mwaka 1975 hana sababu hiyo leo.

Wapo waliokwisha kuonyesha njia. Mnamo 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo za Wakipsigis, na kanda zake zikahifadhiwa huko Afrika Kusini, katika taasisi ya muziki wa Kiafrika ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Mwaka 2014 taasisi hiyo ikishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music ilianza kuzirudisha nakala vijijini, na nyimbo zikawafikia wazee waliokuwa hai tangu siku zile na jamaa za waimbaji. Huko Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha papo hapo kisiwani kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanzishwa mwaka 2004. Miswada yenyewe haikuondoka Lamu.

Lakini mfano huo huo wa Maktaba ya Uingereza unatupa onyo. Mnamo Oktoba 2023 maktaba hiyo, mojawapo ya maktaba kubwa kabisa duniani, ilivamiwa na wezi wa mitandao. Huduma zake za kompyuta zikaanguka, na kwa muda wa miezi mingi picha za nyaraka kutoka pembe zote za dunia hazikuweza kufikiwa kwa njia ya tovuti yake. Aidha, mnamo Aprili 2021 moto uliteketeza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake ya vitabu vya Afrika. Tusidanganywe, basi, kwamba kitu kikiwa ng'ambo au kikiwa katika kompyuta ya wakubwa ndipo kimesalimika. Usalama wa kumbukumbu ni wingi wa nakala, mahali mbalimbali, mikononi mwa watu mbalimbali. Jilore ikiwa na nakala yake, na Kilifi ikiwa na yake, na Nairobi ikiwa na yake, wezi na moto watahangaika sana.

Najua zipo pingamizi. Ya kwanza husema kwamba vijijini hakuna uwezo: umeme hukatika, mchwa hula, hewa ya chumvi huharibu mashine. Ni kweli. Lakini udhaifu wa nakala ya kijijini si hoja ya kuinyima kijiji nakala. Ni hoja ya kuwapo kwa nakala nyingine. Ikiharibika ya Jilore, italetwa ya Kilifi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na latoka kwa wazee wenyewe. Si kila neno la kaya ni la kusikiwa na kila sikio. Mahali palipozikwa fingo hapatajwi ovyo. Viapo vina wenyewe, na kuna maneno ya tiba ambayo hupewa mtu kwa masharti. Kaya za Wamijikenda ziliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, lakini msitu wa kaya umesalimika kwa karne nyingi kwa sababu haukuwa wazi kwa kila mpita njia. Wale wanaohubiri kwamba kila kitu kiwekwe katika intaneti bure kwa dunia nzima wanafanya kosa lile lile kwa njia nyingine. Zamani habari zilifungiwa mbali na mwenyewe. Sasa zinamwagwa barabarani bila ya kumwuliza. Katika hali zote mbili mwenyewe hana kauli. Hifadhi ya haki ni lazima iwe na vyumba: cha watu wote, cha jamaa, na cha wazee wa kaya peke yao. Kompyuta inaweza kuitimiza amri hiyo bila taabu, mradi kuna aliyeitoa.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali lake la Nne limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa kaunti jukumu la kuyaweka maarifa hayo katika rejista, na inamtaka mgeni apate idhini ya wenyewe kabla ya kuyatumia. Tume ya Taifa ya Ardhi nayo ilipewa jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, kazi ambayo haiwezi kufanywa bila ya masimulizi ya wazee. Kinachokosekana ni utekelezaji.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, Serikali ya Kaunti ya Kilifi itenge fedha, japo kidogo, katika bajeti yake ya kila mwaka kwa ajili ya makavazi ya kaunti, isingoje wafadhili. Mradi wa mfadhili una mwisho wake, na mwisho huo ukifika tovuti hufungwa na diski hubaki kabatini bila mtu anayejua zina nini. Makavazi yanataka mshahara wa mtu mmoja wa kudumu kuliko yanavyotaka jengo la fahari.

Pili, Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko hapo hapo Kilifi, kishirikiane na makumbusho ya Malindi, Gede na Rabai kufundisha vijana wa vijijini kunasa na kuandika masimulizi. Kijana wa Jilore anayekijua Kigiriama cha bibi yake atauliza maswali ambayo mgeni hawezi kuyajua, na bibi atamjibu kwa namna ambayo hatamjibu mgeni. Kazi hii iwe na ujira. Maelezo ya kila sauti na kila picha yaandikwe kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, Kiingereza kifuate. Hifadhi yenye maelezo ya Kiingereza peke yake ni duka lililofungwa mlango wa mbele.

Tatu, pasitolewe kibali cha utafiti kwa msomi yeyote, Mkenya au mgeni, bila ya sharti la kuacha nakala ya sauti, picha na matokeo yake mahali alipoyapata, na muhtasari kwa lugha ya wenyeji. Na wale waliokwisha kuchukua zamani waandikiwe na kaunti kwa jina la kaunti. Barua ya mjukuu mmoja ni rahisi kuiweka kando. Barua ya serikali inayowakilisha watu zaidi ya milioni moja haiwekwi kando kirahisi.

Nne, na hili halihitaji serikali, kila nyumba ianze na picha zake. Sanduku la picha lililo chini ya kitanda lifunguliwe wakati bado yupo anayewajua waliomo. Andika kwa kalamu ya risasi, nyuma ya picha, nani amesimama, nani ameketi, wapi, mwaka gani na ilikuwa siku ya shughuli gani. Simu ambayo vijana wetu wanaitumia kujipiga picha wakiwa hotelini yaweza pia kumnasa nyanya kwa nusu saa akitaja nasaba ya mlango wake. Na kabla ya kuibonyeza, aulizwe kama amekubali, na ni nani angependa amsikie.

Mwaka 1908 watu wa pwani hii waliambiwa walete ushahidi, wakaja mikono mitupu mbele ya msajili, ingawa vichwa vyao vilikuwa vimejaa. Hatuwezi kuwalaumu, kwani hawakupewa kalamu wala muda. Sisi tumepewa vyote viwili. Ni matumaini yangu kwamba wawakilishi wa wadi watakaoketi Malindi kupitisha bajeti ijayo wataliweka jambo hili mbele yao, na kwamba wananchi wa Jilore na kwingineko hawatangoja wakumbushwe. Wazee bado wapo, nao wako tayari kusema, bali hawatakuwapo kwa muda mrefu.